Utohozi kwa Sikio na Utohozi kwa Jicho: Uhakiki wa Istilahi za Kemia ya Kaboni katika Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umezoea kuuliza kama lugha hii ina msamiati wa kutosha. Katika kemia ya kaboni, wanayokutana nayo kwa kina wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, swali hilo halitufikishi mbali. Majina ya kampaundi za kaboni ni miundo ya mofimu: kila kipande kina kazi yake, na anayepoteza irabu moja amepoteza kampaundi nzima. Kwa hiyo istilahi zake hazifai kuhakikiwa moja moja, kama kwamba kila neno lingesimama peke yake. Zinafaa kuhakikiwa kama mfumo, na kipimo cha kwanza kiwe fonolojia ya wanaozitamka.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zinatupa kipimo kigumu. Kihangaza na Kishubi, katika uainishaji wa Guthrie, vimo katika kundi la D60 pamoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Biharamulo, Kishubi hukutana pia na Kizinza na Kisukuma. Mwanafunzi huja na lugha ya nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na kemia ya kaboni kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mtihani wa kemia wa sekondari bado ni wa Kiingereza. Hata hivyo, mwalimu akieleza jambo kwa Kiswahili, au mwanafunzi akimweleza mwenzake, majina hayo hutoholewa papo hapo, bila kusubiri idhini ya chombo chochote.

Yanatoholewa kwa njia gani? Kiswahili kimepokea maneno mengi ya sayansi kwa sikio: oksijeni na haidrojeni hufuata matamshi ya Kiingereza, si maandishi. Mazoea hayo hayakuleta madhara kwa sababu oksijeni haina jirani wa kuchanganywa naye. Tukiyapeleka kwenye kemia ya kaboni mambo hubadilika. Chukua familia tatu ambazo Kiingereza huziandika alkane, alkene na alkyne. Kwa sikio tunapata alkeni, alkini na alkaini. Kwa jicho tunapata alkani, alkeni na alkini. Basi alkeni ya mwalimu anayesikiliza ni ile yenye bondi moja moja tu kati ya atomi za kaboni, na alkeni ya mwalimu anayesoma ni ile yenye bondi mbili. Alkini nayo yaweza kuwa na bondi mbili au tatu. Hali hii ni mbaya kuliko ya homonimu za kawaida, kwa sababu muktadha hauisaidii: maneno yote mawili hutokea katika sentensi moja, kuhusu mmenyuko mmoja, mara nyingi yakilinganishwa.

Rai ya makala haya ni kwamba utohozi wa istilahi hizi uwe wa jicho, pasipo kuchanganya. Kijerumani, ambacho huandika Ethan, Ethen na Ethin, kinaonyesha kwamba irabu tatu zilizo wazi zinatosha kubeba mfumo. Kiswahili kina faida zaidi. Kwa kuwa maneno yetu huishia na silabi wazi na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, irabu inayobeba maana ndiyo inayopata mkazo: alkAni, alkEni, alkIni, ethanOli, ethanAli. Katika Kiingereza irabu za mwisho za ethanol na ethanal hazina mkazo mkuu, na msikilizaji huweza kuzikosa. Hapa tohozi yetu inasikika vizuri kuliko asili yake, jambo ambalo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi hawajalizingatia.

Mfumo wenyewe si mgeni kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu. Prop-an-oli ina mzizi unaotaja kaboni tatu, kiambishi kinachotaja aina ya bondi, na kiambishi kinachotaja kundi tendaji. Irabu ya mwisho haina kazi ya kikemia. Anayeweza kuchanganua som-esh-w-a ameshajifunza mantiki hiyo. Inashangaza kwamba vipindi vya sarufi na vya kemia havijapata kukutanishwa hapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kamusi ya istilahi, kwa umbo lake, hupanga maneno kwa alfabeti. Mofimu zinazoziunganisha ethanoli, propanoli na butanoli hazina mahali pa kuonekana.

Kanuni inayofahamika ya uundaji wa istilahi hutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwenye lugha za Kibantu, na tuzifikie lugha za kigeni mwishoni. Kanuni hiyo imezaa matunda. Neno ngeli, ambalo isimu ya Kiswahili haiwezi kuliacha, hunasibishwa na Kihaya, lugha ya mkoa huuhuu wa Kagera. Katika kemia ya kaboni kanuni ina nafasi, ila nafasi yenye mpaka. Maji ya ndizi mbivu huchanganywa na unga wa mtama na kuachwa yachache. Pombe ikiachwa wazi hewani huelekea kuwa siki. Ikikenekwa hupatikana gongo. Chacha, siki na keneka ni maneno yanayomfikisha mwanafunzi wa Ngara kwenye michakato mitatu ya somo bila kupitia Kiingereza. Lakini siki haina ndugu. Haimwambii kitu kuhusu asidi ya propanoiki au ya butanoiki, wakati asidi ya ethanoiki humwambia. Na ethanoli isipotofautishwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, kosa haliishii kwenye karatasi ya mtihani.

Jina la somo zima nalo lina mtego. Kwa kuwa kilimo kisichotumia kemikali za viwandani huitwa kilimo hai, wapo watakaovutiwa na kemia hai. Tangu Wöhler alipotengeneza urea maabarani mwaka 1828 kutokana na chumvi isiyotoka kwa kiumbe, kemia hii haikuhitaji tena uhai. Isitoshe, urea hiyohiyo, yenye naitrojeni asilimia 46, ndiyo mbolea ambayo kilimo hai huikataa. Mtoto wa mkulima wa Biharamulo angeambiwa darasani kwamba ni kampaundi hai na shambani kwamba si hai. Kemia ya kaboni ni jina kavu, ila halidanganyi.

Utohozi wa jicho hautatui kila kitu. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza, hakipambanui /l/ na /r/, na Kisukuma kwa asili kina /l/ pekee. Arili na alili ni jozi ya mlinganuo finyu, na kikemia ni mbingu na ardhi: halidi za alili humenyuka upesi, za arili kwa shida sana. Th nayo huwa s midomoni mwa wengi, kwa hiyo etha husikika esa na kukaribia esta. (Amini iliyo kampaundi na -amini iliyo kitenzi hazitugombanishi, upatanisho wa kisarufi huzitenganisha.) Dawa ya alili imo ndani ya mfumo wenyewe: jina lake la kimfumo ni prop-2-enili, ambalo halifanani na arili kwa mzungumzaji yeyote. Vivyo hivyo vinili, inayogongana na finili ya utohozi wa sikio, iitwe ethenili. Na finili iandikwe kwa jicho, fenili.