Fundi Asiyeiamini Alama ya Kijani

Asubuhi, kabla simu za ofisi hazijaanza kulia, fundi wa bakapu hufungua kivinjari, akaingiza nywila, kisha tarakimu zilizotumwa kwenye simu yake. Dashibodi inafunguka, kijani juu hadi chini. Kazi za usiku zimekwisha: hifadhidata ya mishahara, seva ya barua pepe, mafaili ya uhasibu. Mwingine angefunga ukurasa akaenda kunywa chai. Fundi aliyeiva huanza kusoma yale maandishi madogo ya pembeni, yasiyo na rangi. Kazi inayochukua dakika arobaini kila usiku, leo imemalizika kwa dakika nne. Kulikoni? Huenda kuna folda imehamishwa bila yeye kuarifiwa, huenda seva haikusomeka vizuri. Alama ya kijani imemwambia kwamba kazi imefika mwisho, haikumwambia imebeba nini.

Kisha anachagua faili moja la zamani, tuseme la miezi mitatu iliyopita, na kuliagiza lirudi kwenye seva ya pembeni isiyotumiwa na mtu. Analifungua. Anahesabu mistari, anatazama tarehe ya muamala wa mwisho, analinganisha jumla na ile ya ripoti ya mwezi ule. Yakilingana, anaandika kwenye daftari: limerudi, limefunguka, tarehe fulani, na sahihi yake. Hakuna mkubwa aliyewahi kumwomba daftari hilo. Hata hivyo, ufundi wenyewe umo katika robo saa ile. Mengine yote programu inayaweza.

Waliomtangulia waliishika kazi hii mikononi, kwa maana halisi. Kanda za LTO, zilizoingia sokoni mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100 kila moja, ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Jumatatu, Jumanne, Ijumaa ya pili. Zilipangwa kwa ukoo wa babu, baba na mwana: mwana ni kanda ya kila siku, baba ya kila wiki, babu ya kila mwezi. Babu hakulala jengoni. Alitiwa kwenye kasha, akapelekwa kwenye sefu ya benki au tawi la mbali, na aliyempeleka alitia saini. Fundi alijua mlio wa mashine inapoivuta kanda na mlio wake inapoikataa. Wapo waliojua kanda imechoka kabla mashine haijasema. Ukoo ule ungalipo hadi leo, ila umegeuka visanduku vitatu kwenye ukurasa. Mtu anaandika 7, 4 na 12, anabonyeza kitufe, basi. Ukimuuliza kwa nini 12 na si 24, atakujibu kwamba ndivyo alivyokuta.

Wala kanda si mambo ya kizee. Mwishoni mwa Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua za Gmail za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji. Google ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa vya data, na hitilafu ilizigusa nazo. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda hazikuwa zimeunganishwa na chochote.

Haki itendeke: dashibodi imeleta nafuu. Mtu mmoja aliyeketi Dar es Salaam anaweza kuzitazama seva za Mwanza na Mbeya bila kupanda basi, na kurudisha faili la mhasibu aliyelifuta kwa bahati mbaya kabla mhasibu hajamaliza kuomba radhi. Ubaya wake ni kwamba imeifanya kazi ionekane nyepesi, na kazi ikionekana nyepesi hupewa yeyote aliye karibu.

Yaliyoipata GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017 yanastahili kusimuliwa polepole. Usiku, mhandisi aliyekuwa akipambana na hifadhidata iliyolemewa alifuta folda kwenye seva asiyoikusudia. Aligutuka baada ya sekunde chache. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Basi, wakazikimbilia nakala. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga, na hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuwafaa. Nakala ya kila siku ilikuwa haifanyiki kabisa: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata waliotumia, hifadhidata yenyewe ikiwa ya 9.6, hivyo iligoma kila ilipoamshwa. Iligoma na ikatuma barua pepe kulalamika, ila barua hizo hazikuwa na saini iliyotakiwa, zikakataliwa mlangoni. Ghala la nakala lilipofunguliwa lilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo walipoteza miradi ipatayo 5,000, maoni ya idadi kama hiyo na akaunti mpya 700 hivi. Kwa heshima yao, waliyaeleza yote hadharani, na urejeshaji wakauonyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Faili moja tu lililojaribiwa kurudishwa wiki moja kabla lingewafichulia ghala tupu.

Code Spaces hawakupata hata bahati hiyo. Kampuni hiyo ilitunza misimbo ya programu za wateja wake. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye ukurasa wa Amazon walioutumia kusimamia mambo yao yote, akadai fedha. Walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta: seva, diski, na nakala zao, kwani zote zilikuwa chini ya ufunguo uleule. Ndani ya saa kumi na mbili hivi kampuni ilikuwa imekwisha, na haikufunguliwa tena. Zama za kanda, mwizi angelazimika kwenda benki.

Siku hizi kijana anayeajiriwa huonyeshwa pa kubonyeza, hana wa kumfundisha wasiwasi. Bajeti ina fungu la leseni na fungu la diski, lakini saa za kujaribu kurudisha hazina fungu. Wazee wa kanda wanastaafu na daftari zao, na nafasi zao hazijazwi, kwa hoja kwamba mfumo sasa unajiendesha.

Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Terabaiti 858 za G-Drive, ghala la mafaili ya watumishi wa umma, ziliteketea. Hazikuwa na nakala nje ya jengo. Ilielezwa kwamba ghala lilikuwa kubwa mno. Dashibodi huweka alama nyekundu penye kazi iliyoshindwa, lakini kazi ambayo haikuwahi kuandikwa haina rangi. Wizara ya usimamizi wa watumishi, iliyokuwa imewataka watu wake waweke kazi zao zote humo badala ya kwenye kompyuta zao, iliumia kuliko nyingine. Maofisa wake wakabaki kuokoteza vipande: viambatisho vya barua pepe, mabaki yaliyosalia kwenye kompyuta za mezani, na karatasi ambazo mtu fulani alikuwa amezichapa.