Niambie Inakwaruza Vipi

Nilipokuwa kijana, katika miaka ya 1990, nilishinda miaka miwili kwenye kibanda cha fundi redio mmoja Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi, kufungua skrubu na kufuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Mzee yule alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Mtu akiingia na amplifaya begani, jasho linamtoka, akasema, "Fundi, inakwaruza," mzee hakugusa bisibisi. Alimtazama tu na kumuuliza, "Inakwaruza vipi?"

Mteja angejibu kwamba inakwaruza tu, vibaya. Basi mzee angemsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Chomeka gitaa upige, mimi nisikilize."

Ufundi wa vifaa vya umeme una mengi ya kusifiwa: mkono usiotetemeka, risasi inayong'aa kwenye kiungo, macho yanayosoma rangi za rizista bila kuhesabu vidole. Mimi nasifu lile swali. Kila nilichokuja kukijua baadaye juu ya amplifaya za valvu kilianzia hapo.

Kwenye redio, mkwaruzo ni ubovu, basi. Kwenye amplifaya ya gitaa, mkwaruzo waweza kuwa ndio utamu ambao mwenye kifaa alilipia. Leo Fender, ambaye jina lake limo kwenye magitaa na amplifaya dunia nzima, alianza kama fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Hakuwa mpiga gitaa, na amplifaya zake alizisanifu zitoe sauti safi. Wapigaji ndio waliozungusha vitufe hadi mwisho, wakasikia valvu zikilemewa, sauti ikinenepa na kuchanika pembeni, wakaipenda. London, mwaka 1962, Jim Marshall na mafundi wake walipounda amplifaya yao ya kwanza, JTM45, waliufuata mchoro wa Fender Bassman, na wanamuziki wa roki wakaifanya sauti hiyo ya kulemewa kuwa lugha yao. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo, kusudi ikwaruze. Na hapa jirani, Kinshasa, wanamuziki wa Konono N°1 walipitisha likembe zao, ala za vibao vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye vinasa sauti walivyojiundia kwa sumaku za magari mabovu. Mkwaruzo uliotoka ukawa ndio alama yao, na albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ikawatangaza ng'ambo.

Kwa hiyo fundi wa amplifaya hawezi kujisifu kwamba ameondoa mkwaruzo. Akiuondoa wote, amemnyang'anya mpigaji kitu chake. Kazi yake ni kuutenga mkwaruzo mzima na mkwaruzo mgonjwa, na mzee alikuwa na kipimo chake: mkwaruzo mzima unautii mkono. Ukipiga kwa nguvu, unakuja. Ukilegeza vidole, unaondoka. Ule mgonjwa haumsikilizi mpigaji.

Asubuhi moja iliingia Vox AC30, amplifaya ya Waingereza, ya bendi iliyokuwa ikipiga hotelini. Mwenye gitaa alituamkia, akaiweka chini kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. "Mzee, nimeshabadilishiwa valvu mara mbili," alisema. "Kila seti inakaa wiki chache, kisha mkwaruzo unarudi."

"Unakuja ukiwasha tu, au mpaka ipate joto?"

Kijana alinyamaza. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mzee kwanza alichomoa spika na kuunganisha nyingine ya karakana, maana spika iliyochanika huwasingizia wengi. Kisha akampigisha. Dakika kumi za mwanzo sauti ilitoka safi, yenye ule mng'ao wa AC30. Baadaye, taratibu, chini ya noti laini kabisa, kikaanza kusikika kitu kama karatasi inayofinyangwa. Mzee akamwashiria alegeze mkono. Akalegeza. Karatasi ikaendelea.

"Umesikia?" mzee akaniambia. "Hauondoki. Funga mlango, zima taa ya juu."

Gizani, valvu zina mwanga wao. Katikati kuna rangi ya chungwa ya filamenti, hiyo ni haki yake. Pengine kioo huwa na buluu hafifu, nayo haina neno. Lakini kati ya valvu nne za EL84 zilizojipanga mle ndani, mbili za upande mmoja zilikuwa zimebadilika: bati la kijivu linaloizunguka filamenti lilikuwa linageuka jekundu, kama kaa la mkaa linapopulizwa. "Zima," mzee alisema, na hakurudia.

Fundi wa haraka hapa husema valvu zimekufa, leta nyingine. Ndivyo alivyofanya fundi aliyetangulia, mara mbili. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua haizuiwi kwa kufukuza mawingu.

Ili tuelewane, nieleze kidogo hatua ya nguvu inavyofanya kazi. Baadhi yenu mmewaona wapasua mbao wa zamani: gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja kasimama juu, mwenzake yuko chini, na msumeno mmoja mrefu uko katikati yao. Huyu anavuta, yule anaachia. Yule anavuta, huyu anaachia. Valvu kubwa za amplifaya hupokezana hivyo hivyo. Valvu ndogo iliyotangulia huligawa wimbi la sauti kuwa nakala mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Upande mmoja wa valvu kubwa hubeba zaidi nusu ya juu ya wimbi, upande wa pili nusu ya chini, na transfoma huziunga tena na kuzipeleka kwenye spika. Wapasuaji wakilingana, ubao unatoka umenyooka. Mmoja akizidi, msumeno unakwenda upande, na wewe mpigaji utasikia.

Mzee alifungua chasisi. Mle ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa huzihifadhi hata waya wa umeme ukishachomolewa ukutani. Alizimaliza kwa rizista aliyoifunga kwenye nyaya mbili zenye gamba nene, kisha akapima kuhakikisha zimekwisha. Sikumwona akiruka hatua hiyo hata siku moja, hata mteja aliposimama mlangoni akitazama saa. Alipolazimika kupima kifaa kikiwa kimewashwa, mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Akapima gridi za zile valvu nne. Gridi ni kama mlango unaobana au kuachia mkondo, na kwenye amplifaya hii, ukipima kutoka kwenye chasisi, inapaswa kusoma sifuri. Upande mzima ulisoma sifuri. Upande wa zile nyekundu ulisoma volti 4 chanya. Mlango ulikuwa umeachwa wazi, mkondo unapita kupita kiasi, bati linaungua.

Lakini utamu wa hesabu ya AC30 ni kwamba valvu zote nne hukanyaga rizista moja, ya kama ohmu 50, chini ya kathodi zao, yaani sehemu zinazotoa elektroni. Mbili zikila mkondo mwingi, volti ya kathodi hupanda kwa zote, na zile mbili nzima hubanwa zaidi, zikose nafasi ya kufanya kazi yao. Mpasuaji mmoja anavuta kwa pupa; mwenzake ananyimwa hata pumzi. Ndiyo maana hata noti laini ilitoka imepinda. Nilipoelewa hilo nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Sasa washukiwa walikuwa wawili. Valvu yenyewe ikiingiwa na gesi huweza kuipandisha gridi yake. Au kapasita inayoiletea sauti kutoka valvu ndogo huenda inavuja. Ukikisia una nafasi ya nusu kwa nusu. Mzee hakukisia. Alizima, akasubiri zipoe, akachomoa valvu mbili za upande mgonjwa, akawasha tena na kupima kwenye soketi tupu. Kama kosa ni la valvu, volti zingeondoka nayo. Mita ikabaki karibu pale pale, 4.

Basi ni kapasita. Aliikata mguu mmoja, nikadhani kazi imekwisha. Akaipima kwa mita, nayo ikaonekana nzima. Nilichanganyikiwa.

"Mita inaipima kwa volti chache za betri," alisema. "Humu inaishi na volti 200. Mtu amelala kitandani, utajuaje kama anachechemea?"

Akaiacha imeshikwa na mguu wake wa upande wa volti, ule uliokatwa ukining'inia hewani, akawasha, na kuugusa kwa ncha ya mita. Kapasita nzima hupitisha sauti na kuuzuia mkondo mnyoofu, hivyo ule mguu ulipaswa kutulia kwenye sifuri. Ulisoma zaidi ya volti 90.

Jioni ile nilikaa na penseli. Volti 4 juu ya rizista ya gridi ya kilohmu 220 ni mikroamperi 18, yaani sehemu 18 katika milioni moja za amperi. Uvujaji huo, uliokua kadiri kapasita ilivyopata joto, ndio uliounguza seti mbili za valvu na kumharibia kijana yule usiku kadhaa wa kazi. Kifaa chenyewe kilikuwa na urefu wa kiungo cha kidole, na bei yake haikufika ya soda.

Aliibadilisha. Pacha wake wa upande wa pili naye akambadilisha, ingawa alipimwa mzima, kwa kuwa walizeeka pamoja. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Mahali pa spika aliweka rizista kubwa ya ohmu 8, kwa sababu amplifaya ya valvu isiyo na mzigo huweza kuunguza transfoma yake, akaingiza wimbi la mizunguko 1000 kwa sekunde na kulitazama kwenye oskiloskopu yake kuukuu. Akaongeza sauti polepole. Vilele vya juu na vya chini vikapanda pamoja, vikafika kikomo pamoja, vikabapa pamoja. Huo ndio mkwaruzo mzima ukiutazama kwa macho: pande mbili zinazolemewa kwa haki.

Siku nyingine wimbi lilionyesha maradhi mengine. Valvu zilizobanwa mno huacha kijipengo pale wimbi linapovuka sifuri, na mpigaji husikia mchanga kwenye noti laini, mchanga unaopungua akipandisha sauti. Kapasita za kuchuja zikikauka, umeme wetu wa mizunguko 50, ambao ukishanyooshwa huacha mtetemo wa mizunguko 100, hujisokota na noti na kuzaa noti ya uongo chini yake. Nimewaona wapiga gitaa wakikaza nyuzi saa nzima wakidhani wao ndio wenye kosa. Kila mkwaruzo una lafudhi yake, na mzee alizijua kama mtu wa pwani ajuavyo mgeni anatoka wapi kwa neno la kwanza tu.

Kijana alipoambiwa bei aliguna. Kipande hiki kidogo, pesa zote hizo? Sikubaliani naye hata leo. Yule aliyetangulia alimuuzia valvu nane na hakumtengenezea kitu. Huyu alimuuzia kapasita mbili na asubuhi nzima ya akili yake. Na valvu hazizidi kuwa rahisi. Za gitaa hutengenezwa na viwanda vichache tu, kama cha Čadca nchini Slovakia na cha Saratov nchini Urusi, na hadi ifike Kariakoo kila moja imeshalipiwa safari ndefu. Kuiunguza kwa uvivu wa kupima ni dhambi.

Kabla hajaondoka, mzee alimkalisha tena kwenye kigoda. Akapiga laini, sauti ikatulia. Akakwangua nyuzi kwa nguvu, AC30 ikanguruma na kuchanika ilivyopaswa. Akalegeza, ikanyamaza naye.

Wewe mwenye amplifaya ya valvu inayokusumbua, ukienda kwa fundi usipeleke sanduku peke yake. Beba na gitaa lako, spika yako na waya unaoutumia kila siku, mwambie kama ubaya unaanza mapema au ikishapata joto, kisha kaa umpigie, hata kama itakuchukua asubuhi nzima.