Istilahi Inayotabiri Hitilafu: Uhakiki wa "Maktaba", "Kiungo" na "Ubanaji" katika Kiswahili cha Programu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi tatu zinazohitajika kueleza jinsi programu zinavyounganishwa na libjpeg, maktaba ya kubana picha, katika mifumo mbalimbali ya kompyuta. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya kiufundi ipimwe kwa uwezo wake wa kumwonyesha mwanafunzi mahali ambapo kazi yake itaharibika.

Utangulizi

Jitihada za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta zimejikita zaidi katika uso wa programu. Jambo OpenOffice, iliyotokana mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimpa mtumiaji maneno ya menyu na maelekezo. Tabaka la chini, anapofanyia kazi mwandishi wa programu, limebaki mikononi mwa Kiingereza na, nchini Burundi, Kifaransa. Kwa kijana wa Muyinga anayezungumza Kirundi nyumbani, Kifaransa darasani na Kiswahili sokoni, pengo hilo si la heshima ya lugha tu. Huamua kama ataelewa kwa nini programu aliyoiandika imekataa kufunguka kwenye kompyuta ya mwenzake.

Maktaba

Neno "maktaba" linaweza kupingwa kwa hoja kwamba programu haisomi vitabu, na kwamba "ghala" lingefaa zaidi. Pingamizi hilo halina nguvu. Ghala hutunza vitu. Maktaba hutunza maandishi yenye matoleo, na toleo ndicho kiini cha tatizo. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya libjpeg hufanana na msomaji aliyeandika pembeni mwa daftari namba ya ukurasa badala ya jina la sura. Akipewa toleo jingine la kitabu kilekile, ukurasa huo utakuwa na jambo jingine.

Historia ya libjpeg inathibitisha hoja hii. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Independent JPEG Group, na toleo lake la 6b la mwaka 1998 lilitumika kwa zaidi ya muongo mmoja. Matoleo ya 7 na 8, ya 2009 na 2010, yalibadilisha mpangilio wa ndani. Programu iliyoandaliwa kwa toleo la 6b, linalojitambulisha kwa namba 62, ikikutana na maktaba yenye namba 80, maktaba yenyewe hulinganisha namba hizo na kusimamisha kazi. Hata libjpeg-turbo, iliyoanza 2010, haikuondoa mgawanyiko huo: Debian huiandaa kwa mpangilio wa 62, ilhali Ubuntu huiandaa kwa ule wa 8. Kwa hiyo programu iliyojengwa kwenye Debian inaweza kuikosa maktaba yake kwenye Ubuntu, ingawa mifumo yote miwili ina libjpeg-turbo. Anayefundishwa "maktaba" bila "toleo" amepewa nusu ya istilahi.

Kiungo

"Kiungo" hakifai. Watumiaji wa intaneti wamekwisha kulizoea kwa maana ya anwani ya kubofya, na umbo la karibu, "kiunganishi", lina kazi yake katika sarufi. Zaidi ya hayo, neno hilo linaficha tofauti kubwa kati ya njia mbili za kuunganisha. Katika njia ya kwanza, sehemu za maktaba zinazohitajika hunakiliwa ndani ya programu. Katika ya pili, programu huziazima kutoka kwenye mfumo kila inapoanza. Sitiari ya maktaba inaleta yenyewe jozi inayofaa: "uunganishaji wa kunakili" na "uunganishaji wa kuazima".

Jozi hiyo inatabiri matokeo. Mwenye nakala hasumbuliwi na mabadiliko ya maktaba, lakini dosari ya usalama ikirekebishwa, nakala yake hubaki na dosari mpaka programu ijengwe upya. Mwenye kuazima hupata marekebisho bila jasho, ila yuko chini ya hiari ya mwenye mali. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu huzuiwa kuazima maktaba za ndani za mfumo zisizotolewa rasmi kwa waandishi. Anayetaka libjpeg huko hubeba yake.

Ubanaji

Istilahi ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Mjini Muyinga kuna maktaba iliyokamilika mwaka 2012, iliyosanifiwa na BC Architects wa Ubelgiji kama sehemu ya mpango wa shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Udongo ule umepungua ujazo, lakini haukutupwa. Tofali likivunjwa na kusagwa, udongo wote upo. Mwanafunzi aliyeuona ukuta huo ana haki ya kudhani kwamba picha iliyobanwa nayo imehifadhi kila kitu.

JPEG haifanyi hivyo. Hugawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, hubadilisha kila mraba kuwa tarakimu za mawimbi, kisha huzigawa na kuzikadiria. Kinachopotea katika ukadiriaji hakirudi. PNG, kinyume chake, hurejesha kila nukta. Mhifadhi anayepiga picha mikusanyo ya Makumbusho ya Taifa ya Gitega, akizirekebisha na kuzihifadhi mara kwa mara katika JPEG, atapoteza mistari myembamba ya ususi bila kuonywa na neno "ubanaji". Istilahi stahiki ni mbili: "ushindiliaji" kwa njia isiyopoteza, na "upunguzaji" kwa ile inayopoteza.

Hitimisho

Kati ya istilahi zilizohakikiwa, "maktaba" ibaki na iambatane na "toleo", "kiungo" kiachiwe intaneti, "ubanaji" ugawanywe. Mapendekezo haya yanaihusu Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Burundi, ambako istilahi zinaweza kujaribiwa darasani kabla ya kusanifishwa. Kipimo ni chepesi: mwanafunzi apewe neno, kisha aulizwe ni nini kitaharibika. Akijibu sawasawa, istilahi imefanya kazi yake.