Mantiki ya -ki-, -ka- na -nge-: mbona vyuo vyetu haviioni?

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa mantiki na falsafa ya sayansi ni masomo yasiyofundishika kwa Kiswahili. Hoja yao kuu ni istilahi: hiki utakiitaje, kile utakiitaje? Za kuanzia tunazo: hoja, dhana, nadharia, nadharia tete, hitimisho. Neno mantiki lenyewe limetoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kusema. Kumbe ujirani wa kufikiri na kusema ulionekana zamani! Kwa maoni yangu, tatizo halimo katika istilahi. Limo katika viambishi vidogo tunavyovitamka kutwa kucha, ambavyo mwanafunzi wa falsafa anaweza kupita kutoka shahada ya kwanza hadi ya uzamifu bila kufundishwa kuvipima.

Chukua -ki-. Abiria wa matatu za Waithaka akilalamika siku ya mvua, makanga humjibu: "Mzee, kwani hujui mvua ikinyesha nauli inapanda?" Kauli hii haihitaji digrii kueleweka. Hebu basi tuikubali kuwa kweli, kisha tuipime. Leo nauli imepanda. Je, inafuata kwamba mvua imenyesha? La hasha! Huenda mafuta yameongezwa bei, au ni jioni na abiria wamefurika stejini. Lakini kama nauli haikupanda, basi mvua haikunyesha. Hapo huna pa kuponyokea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti hii kwa mifano ya Kiingereza, na neno la sharti la Kiingereza huchorewa mshale.

Sasa mpe -ki-. "Mvua ikinyesha" ni "endapo itanyesha" ama ni "kila inaponyesha"? Na katika "nilimwona akilia" hamna sharti hata kidogo. Ni vitendo viwili vinavyokwenda sambamba. Kiambishi ni kimoja, kazi ni tatu. Asiyeonyeshwa haya atachora mshale pasipo na mshale.

Ukanushi nao una mitego yake. "Wanafunzi wote hawakufaulu." Mmoja ataelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, mwingine ataelewa kwamba baadhi yao walifeli. Ukisema "si wanafunzi wote waliofaulu", utata unaisha. Mwandishi wa habari, wakili na mtunga sheria wanaihitaji tofauti hiyo. Tukumbuke kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi ambayo hoja zake hazikaguliwi ni hatari kwa wanaoitegemea.

Tupande ngazi hadi uzamili. Hapa falsafa ya sayansi inauliza: nadharia hupimwaje? Karl Popper, katika kitabu alichochapisha Vienna mwaka 1934, alijibu kwa umbo lile lile la kauli ya makanga. Nadharia ikitabiri jambo na jambo likatokea, nadharia haijathibitika, kama vile nauli kupanda kusivyothibitisha mvua. Jambo lisipotokea, nadharia imekanushwa. Lakini mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alikuwa ameshaonya mwaka 1906 kwamba nadharia haifiki kizimbani peke yake. Tuseme mvua imenyesha na nauli imebaki pale pale. Makanga atakwambia, "Ah, hiyo si mvua, ni manyunyu tu." Mwanasayansi naye hujitetea vivyo hivyo: kifaa kilikuwa kibovu, sampuli ilichafuka. Utetezi huo ni halali lini, na ni ujanja lini? Mwanafunzi wa uzamili hulumbana na swali hilo miaka miwili.

Halafu kuna -ka-, kiambishi cha masimulizi. "Alikunywa dawa, akapona." Sikiliza vizuri. Kiambishi hiki hakisemi "kwa sababu hiyo". Kinasema "kisha". Sisi wasikilizaji ndio tunaojazia sababu, tena kwa haraka. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walipanga foleni ya kilomita nyingi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Walikwenda wenye kisukari, wenye saratani na wenye virusi vya Ukimwi. Ushuhuda uliosambaa ulikuwa na umbo moja: fulani alikunywa, akapona. Sisemi walioshuhudia walikuwa waongo. Nasema -ka- ilibebeshwa mzigo usio wake, na waliolipia kosa hilo la kimantiki ni wagonjwa.

Ili dai lile lisimame, lazima livuke kutoka -ka- hadi -ngali-: "Asingalikunywa kikombe kile, asingalipona." Hapa ndipo uzamifu unapoanza. David Hume aligusia wazo hili mwaka 1748: chanzo ni kile ambacho, kama kisingalikuwapo, matokeo nayo yasingalikuwapo. Mwaka 1973 Mmarekani David Lewis alilijengea nadharia kamili, na hadi leo wanafalsafa wanalibishania. Kundi la kulinganishia katika majaribio ya dawa kazi yake ni hiyo hiyo: kutukisia, kwa watu wasiopewa dawa, yale ambayo yangaliwatokea waliopewa.

Cha kusikitisha ni kwamba -nge- na -ngali- tunazifundisha tangu shule ya msingi. Mtoto huambiwa asizichanganye, na akizichanganya anakatwa alama. Huambiwa pia kwamba -nge- ni ya jambo linaloweza kutokea bado na -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita. Basi, mtihani ukiisha yameisha. Hakuna anayemwambia kwamba amekabidhiwa chombo ambacho madaktari, wanauchumi na mahakimu hukitumia kutafuta chanzo cha mambo. Walimu wa Kiswahili tumeifanya sarufi kuwa askari wa makosa. Wenzetu wa falsafa nao wameiacha mlangoni.

Si kwamba hawakuonywa. Mghana Kwasi Wiredu alitumia miaka mingi akiwahimiza wanafalsafa wa Afrika wajaribu kila swali katika lugha zao, kwani mengine yanayeyuka yakitolewa katika Kiingereza. Hapa kwetu, marehemu Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee wenye hekima vijijini, na mwaka 1990 akachapisha kitabu chake cha Sage Philosophy. Ni kazi ninayoiheshimu mno. Hata hivyo, hoja za wazee wale zinatufikia kwa Kiingereza. Mzee aliposema "kama", sharti lake lilikuwa la namna gani? Tafsiri haituambii.

Atazuka mtu aniulize: je, kanuni za mantiki si zile zile katika kila lugha? Naam, ni zile zile. Hoja batili Waithaka ni batili Uppsala. Lakini kanuni hazijitumii zenyewe. Kwanza sharti uigeuze sentensi ya mtu kuwa umbo la hoja, na ugeuzaji huo hufanywa kutoka lugha fulani. Wakenya wengi hubishana, huhubiri, hufanya kampeni na huuza dawa kwa Kiswahili. Mhitimu anayeweza kukagua hoja za Kiingereza pekee ni kama daktari aliyesomea magonjwa ya nchi nyingine.

Pendekezo langu si kubwa. Somo la kwanza la mantiki lipewe wiki chache za mifano kutoka magazeti ya Kiswahili, hotuba za Bunge na matangazo ya redio. Idara za falsafa na za Kiswahili zisimamie kwa pamoja tasnifu moja ya uzamifu kuhusu -nge- na -ngali-, iandikwe kwa Kiswahili. Idara za Kiswahili zimeshazoea kupokea tasnifu za aina hiyo, kwa hivyo njia ipo. Kinachokosekana ni mwanafunzi wa kuipita, na msimamizi wa kumwambia kwamba inapitika.