"Mkopo wa Kodi" Si Mkopo

Tumeletewa tafsiri ya maelezo ya kodi ya Marekani, iliyokusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio huko. Nafuu iliyoanzishwa kwa sheria ya 1975, kwa ajili ya wenye pato dogo la kazi, mfasiri ameiita "mkopo wa kodi". Neno la Kiingereza hubeba maana ya mkopo, na pia ya fedha ziandikwazo upande wa mtu katika hesabu. Hapa ni hii ya pili. Mzazi aogopaye deni ataiacha haki yake. "Punguzo la kodi" nalo halitoshi, maana hata asiyedaiwa kodi yoyote aweza kulipwa fedha hizo. Twapendekeza "nafuu ya kodi". "Pato la kazi" amelipata vizuri, nasi tunalichukua.

Kosa zito zaidi ni "mtoto wa kuzaa". Sheria yenyewe humkubali pia mjukuu, ndugu mdogo na mtoto wa ndugu, mradi ameishi na mlipa kodi huko Marekani zaidi ya nusu ya mwaka na masharti ya umri na mengineyo yametimia. Bibi aleaye wajukuu akisoma tafsiri hii atajitoa mwenyewe katika hesabu. Neno "mtoto", kama tulitumiavyo nyumbani, lilikuwa pana vya kutosha. Mfasiri amelibana bure.