Tumbawe la Kuanzia

Anayeanza kufuga matumbawe nyumbani huchagua kwa rangi, na hakuna wa kumlaumu. Chini ya taa ya buluu, Acropora ya zambarau yenye ncha za kijani humsimamisha mtu mzima dukani akasahau alichotumwa. Fundi naye huiona rangi hiyo, ila swali lake ni lingine: mnyama huyu alikuwa akiishi sehemu gani ya mwamba? Upande wa nje yanakovunjika mawimbi, au ndani penye maji yaliyotulia? Juu juani, au uvunguni? Kwenye maji mang'avu, au yale yanayochafuka kila mvua ikinyesha? Wapo watakaosema kwamba ufugaji wa matumbawe ni kupima maji. Kupima hujifunza yeyote mwenye daftari na subira. Ufundi ninaousifu mimi uko kwenye swali hilo, na kwa anayeanza, jibu lake ndilo linaloamua kama mwakani tangi litakuwa na chochote kilicho hai.

Aliyewahi kutembea mwambani maji yakipwa, hasa siku za bamvua, anajua kwamba mwamba si mahali pamoja. Karibu na ufukwe kuna madimbwi yanayobaki nyuma bahari ikiondoka. Mchana hupata moto. Mvua ikinyesha chumvi yake hupungua, jua likiwaka huzidi, na tope jepesi hutua juu ya kila kitu. Matumbawe yanayokaa humo mengi hayana sura ya kujivunia: ya kahawia, mazito, mengine laini kama ngozi iliyolowa. Ukifika ukingo wa nje penye kina, mambo hugeuka. Bahari kuu huyaosha matumbawe ya huko usiku na mchana, joto la maji halibadiliki ndani ya saa chache, na uchafu haupati nafasi ya kukaa. Nyingi za Acropora zinazotamaniwa madukani ni za huko. Hazijawahi kulazimika kuvumilia.

Sasa tazama tangi jipya la lita 100 sebuleni. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo. Tangini maji huvukizwa na chumvi hubaki, kwa hiyo mwenyewe hana budi kujazia maji baridi kila siku, tena yaliyochujwa vizuri, si ya bombani moja kwa moja. Akisahau siku mbili tatu kisha akajazia yote kwa pupa, chumvi hupanda na kushuka kwa mkupuo. Hita inaweza kugoma, umeme unaweza kukatika. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, huchukua wiki kadhaa kabla ya kutulia. Kwa hali yake, tangi hilo ni dimbwi la maji kupwa lililowekwa juu ya meza. Kuliwekea mnyama wa ukingo wa nje ni kumwonea.

Kuna pia suala la mifupa. Matumbawe ya mawe huchota kalisi majini ili yajijenge. Bahari ina miligramu 420 hivi za kalisi katika kila lita na haipungukiwi. Tangi dogo lenye matumbawe ya mawe yanayokua kwa kasi hupungukiwa, na mwenyewe hujikuta akipima na kuongeza, akipima na kuongeza. Matumbawe laini hayana deni hilo, kwa sababu ndani ya nyama yao mna vijiwe vidogo vidogo tu. Zaidi ya hayo hayachukii nitreti kidogo, na tangi la mtu anayejifunza halikosi nitreti.

Nikirudi kwenye swali la mahali, ushahidi ninaoupenda kuliko wote hautoki hata kwenye tumbawe, unatoka kwa jamaa yake wa karibu, anemoni. Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell, mtaalamu wa viumbe wa Scotland, alimtoa anemoni mmoja mwambani North Berwick akamweka kwenye chombo cha kioo. Hapakuwa na pampu, hita wala taa. Palikuwa na maji ya bahari yaliyobadilishwa kwa mkono na kipande cha kome cha kumlisha. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokezwa mlezi baada ya mlezi, watu wakamwita Granny, yaani Bibi, na akaishi hadi mwaka 1887. Anemoni wa jamii hiyo hukaa sehemu ya mwamba inayoachwa wazi maji yakipwa, ambako baridi, jua na mvua humpata kwa zamu. Walezi wake walikuwa makini, sikatai. Lakini walilea kiumbe ambacho dhiki ya chombo kidogo haikuwa ngeni kwake.

Kwa hiyo mimi ningemwanzisha mtu na Discosoma. Wanabiolojia watasema si tumbawe kamili, na wana haki, ila mfugaji hapotezi usingizi kwa hilo. Ni bapa la nyama lisilo na mfupa, linakaa chini penye mwanga hafifu na maji yasiyokwenda mbio, na kosa kubwa la watu ni kulipandisha juu karibu na taa kwa kudhani mwanga mwingi ni ukarimu. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya namna hii huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Mwanga ukizidi ghafla, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka na mnyama hubaki mweupe. Ndiyo sababu kila tumbawe jipya huanzia chini, hata lile linalopenda juu, kisha likapandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Baada ya hapo, Sarcophyton, lile tumbawe la ngozi lenye shina nene na kichwa kipana. Hili hufundisha kuliko kitabu. Siku moja polipu zake zote, yaani vile vinywa vidogo vyenye minyiri, huzama ndani, kichwa hunywea na kupata mng'ao wa nta, na hukaa hivyo siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Mgeni wa kazi hudhani limekufa. Hulihamisha, hubadili taa, humimina dawa aliyoshauriwa na jirani. Kumbe linajichuna: linavua utando wa juu pamoja na mwani na uchafu ulioshikamana nao. Linachotaka ni mkondo wa maji wa kuusukuma utando uondoke, na mtu wa kuliacha. Sijaona kiumbe kingine kinachomfunza mfugaji kutofautisha ugonjwa na utaratibu kwa bei nafuu namna hiyo. Tatizo lake ni ujirani, kwani hutoa kemikali za kuwazuia wengine wasisogee. Wafugaji huliachia nafasi na kuweka mkaa amilifu kwenye kichujio.

Capnella, ambalo wafugaji wa Ulaya na Marekani huliita mti wa Kenya, ni rahisi zaidi. Hudondosha vitawi vyake lenyewe, vikasafiri na mkondo na kujishika popote vinapoangukia. Hapo ndipo ustahimilivu unapoonyesha upande wake wa pili. Xenia, ambaye polipu zake hufumba na kufumbua mfululizo mchana kutwa, ni burudani ya macho kwa miezi michache. Baadaye hupanda jiwe la pili, la tatu, na kuwafunika majirani, na kumng'oa ni kazi ya kurudia. Mwenye busara huliweka tumbawe la namna hiyo kwenye jiwe lililozungukwa na mchanga, mbali na mawe mengine.

Zoanthus ni wazuri na wavumilivu, nao husifiwa sana, ila kuna neno la kusema kabla ya sifa. Baadhi yao, na hasa jamaa zao wa Palythoa, hubeba palitoksini, sumu iliyotenganishwa na watafiti huko Hawaii mwaka 1971, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Glavu na miwani ni lazima, na jiwe lenye viumbe hawa lisichemshwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake umewalaza watu hospitalini. Muuzaji asiyelitaja hilo ningemkimbia.

Kanuni yangu ya mahali ina mhalifu wake, na jina lake ni Goniopora. Huyu hupatikana sana kwenye maji ya ndani yaliyotulia na yenye tope, polipu zake ndefu zikipepea kama shamba la maua, na kwa hesabu yangu angestahili kuwa wa kwanza kwenye orodha. Kwa miaka mingi alikufa mikononi mwa wafugaji, polepole, mwaka haujaisha. Siku hizi wenye kumlisha kwa chakula cha chembechembe ndogo humkuza vizuri. Yaelekea yale maji machafu alikotoka ndiyo yaliyokuwa meza yake. Hivyo kuuliza mnyama aliishi wapi hakutoshi bila kuuliza alikula nini huko. Anayetaka tumbawe la mawe la kwanza na achukue Caulastraea au Duncanopsammia. Vinywa vyao ni vikubwa, hula kipande cha kamba waziwazi, na mtu huona kwa macho kama wameshiba.

Dukani, tazama ukingo wa nyama. Ukiona mfupa mweupe umeanza kuchungulia, pita. Uliza limekaa hapo muda gani, na kama ni kipande kilichokuzwa tangini au limeng'olewa baharini. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yaliyotoka nchi nyingine yanahitaji kibali, lakini kibali peke yake hakilifanyi tumbawe la baharini kuwa chaguo jema. Kipande kilichozaliwa tangini kimekwisha kuzoea kioo, taa na makosa ya binadamu. Dietrich Stüber wa Berlin alikuza Acropora kutoka kipande kidogo, akagawa vitawi kwa wenzake, nao wakagawa, mpaka ukoo wake ukaenea kwenye matangi ya nchi nyingi.

Nawe unaweza kugawa vivyo hivyo. Kukata Capnella ni kazi ya dakika mbili kwa wembe mkali. Supaglu haishiki vizuri nyama yenye utelezi, hivyo kitawi huwekwa kwenye bakuli lenye vipande vya mawe, pahali penye mkondo mdogo, kikafunikwa kwa wavu kisielee. Baada ya wiki moja au mbili kitakuwa kimeshika jiwe mojawapo, na jiwe hilo ndilo unalompa jirani anayeanza.