Pongezi kwa Wachora Katuni

Kutoka Lusaka hadi Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, ni karibu kilomita 1,000. Gazeti likichelewa njiani, habari za ukurasa wa mbele huchacha, katuni haichachi. Nasi tunaoitafuta kwanza ndio wepesi wa kuikejeli: mzaha ni wa mwaka jana, mguu wa mhusika umepinda.

Lakini tazama kazi yenyewe. Visanduku vitatu au vinne, kila siku. Kwanza penseli, kisha wino, halafu kufuta. Mistari iwe minene, maana karatasi ya gazeti hunyonya wino. Maneno yapunguzwe mpaka yaenee juu ya kichwa cha msemaji bila kumziba. Sura ya leo ifanane na ya jana, hata mchoraji akiwa na homa au msiba. Mkubwa aguswe, lakini mhariri asiogope kuchapa.

Wahusika wa katuni kama Juha Kalulu wa gazeti la Taifa Leo nchini Kenya na Chakubanga wa gazeti la Uhuru nchini Tanzania walilelewa hivyo, miaka na miaka. Sisi tulicheka, tukafungia samaki gazeti, wala hatukuuliza mchoraji atapata wapi mzaha mwingine. Kesho yake alichora.